Jioni za Kabambare Zamani za Wabelgiji

Mtu akikaa jioni na wazee wetu wa Kabambare au wa Kasongo, hakawii kusikia neno hili: "Zamani za Wabelgiji watu walifurahi." Vijana wakisikia hivyo, wengine hucheka, wengine hukasirika. Wanaocheka hudhani wazee wanautamani ujana wao tu. Wanaokasirika wamesoma shuleni habari za fimbo, za kodi na za kazi ya lazima, nao huuliza: Mtu awezaje kufurahi chini ya kiboko?

Swali hilo ni la haki. Haifai kuwaambia wazee kwamba wanasema uongo, wala haifai kuwaambia vijana wanyamaze. Afadhali tutazame kwa utulivu watu wa mji mdogo kama wetu waliishi namna gani tangu vita ya pili ya dunia ilipokwisha mwaka 1945 hata mwaka wa uhuru 1960. Walicheza nini? Waliimba nini? Ni nani aliyewapa ruhusa? Tukiisha kutazama, ndipo tutakapojua wazee wanalilia nini hasa.

Kwanza tukumbuke mji wetu ni mji wa namna gani. Kabambare ni mji wa njiani. Upo upande wa bonde la Luama, katika njia iendayo kutoka Ziwa Tanganyika mpaka Kasongo na Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Mwingereza David Livingstone alifika hapa mwaka 1869, akapaita Bambarre. Mwaka wa pili alirudi akiwa na vidonda vya miguu, akakaa miezi mingi asiweze kusafiri, mpaka mwaka 1871. Misafara ya Wangwana ilipita hapa, ikichukua pembe za ndovu na, kwa huzuni kubwa, watumwa. Kisha ikaja vita ya Wabelgiji na Waarabu: Kasongo ilitwaliwa mwezi wa Aprili 1893, na Kabambare mwanzoni mwa mwaka 1894. Ndipo Bulamatari akajenga kituo chake.

Basi mji wa njiani hupokea watu na mambo ya kila upande. Wabangubangu, Wazimba na Wabuyu walikutana na Wangwana, na askari na makarani waliotoka mbali, na wafanya biashara wa kigeni. Kiswahili chetu kilikuja kwa njia hiyo hiyo. Mpunga tunaoupenda nao ulikuja kwa njia hiyo. Ndivyo zilivyokuja nyimbo na ngoma nyingi pia. Watu wetu hawakuogopa kitu kigeni. Walikipokea, wakakipika katika chungu chao, kikawa chao.

Lakini mtu asidhani furaha ya Maniema ililetwa yote na wageni. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko kubwa lenye watu elfu na zaidi, wengi wao wanawake. Alikaa kulitazama siku nyingi, akaona kwamba wale wanawake hawakuja kwa faida peke yake. Walipenda kupigania bei, kutaniana, kucheka na kupashana habari. Soko lilikuwa biashara, tena lilikuwa mchezo. Akaona na jambo lingine la maana: wanawake wa soko waliweza kupita katika nchi zilizokuwa zikipigana, na hakuna aliyewagusa. Amani ya soko iliheshimiwa na adui kwa adui.

Tarehe 15 Julai 1871 amani hiyo ilivunjwa. Watu wa wafanya biashara wa Nyangwe walipiga bunduki katikati ya soko, na waliokufa, wengi kwa risasi na wengi kwa maji ya Lualaba, walihesabiwa na Waarabu wenyewe kuwa kati ya 330 na 400. Tulishike jambo hili, maana litaturudia. Mahali pa furaha ya watu ndipo pia wanapoweza kuumizwa upesi, kwa kuwa huja bila silaha.

Sasa tuje kwenye miaka ile ya wazee wetu. Siku ya kazi katika kituo cha serikali au katika misioni ilianza mapema, kwa kengele au kwa tarumbeta. Karani alikwenda ofisini, fundi kwenye matofali, mkulima kwenye pamba yake. Wengine walikuwa mbali, kwenye dhahabu ya Namoya, wakirudi na faranga na habari. Jua likishuka, mji ulibadilika. Wanawake walitwanga, na mtwangio wa wawili au watatu una mapigo yake kama ngoma. Wanaume walikaa barazani wakicheza bao. Watoto waliota moto na kumsikiliza bibi akisimulia hadithi za kabuluku, yule mnyama mdogo mwenye akili anayewashinda chui na tembo. Msimuliaji akisimama kidogo, wote waliitikia. Hapakuwa na mtazamaji wa bure. Aliyesikiliza alikuwa na sehemu yake katika wimbo.

Mwezi ukiwa mpevu, ngoma ilichezwa. Kulikuwa na ngoma za mavuno, za harusi, za mapacha, za matanga. Waislamu walikuwa na Maulidi na Idi, na wali ulipikwa kwa masufuria makubwa. Wakristo walikuwa na Noeli na Pasaka, na watu wa vijiji vya mbali walitembea kutwa kuja misioni, wakalala kwa jamaa zao au uani. Wazee husimulia kwamba siku ya Idi sahani za chakula zilivuka njia kwenda kwa jirani Mkristo, na siku ya Noeli zilivuka tena kurudi. Desturi hiyo ya jirani kumpelekea jirani ni mali ya Maniema, nayo haikuandikwa katika sheria ya mtu.

Siku ya Dominika baada ya Misa palikuwa na mpira. Misioni na shule za Kongo nzima zilieneza mchezo huo. Huko Léopoldville, Padri Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël, alipigania viwanja vya michezo mpaka uwanja mkubwa ukafunguliwa mwaka 1952. Miji midogo haikuwa na uwanja wa namna hiyo. Palitosha mahali palipofyekwa, miti miwili kila upande, na wachezaji ambao wengi wao hawakuwa na viatu. Lakini kelele za watu hazikuwa ndogo!

Kisha gramofoni zikaingia madukani na katika nyumba za makarani. Mwaka 1948 huko Léopoldville Mgiriki mmoja, Nicolas Jeronimidis, alianzisha nyumba ya sahani za muziki iliyoitwa Ngoma, na mwaka huo huo Wendo Kolosoy akaimba "Marie-Louise", wimbo uliokwenda Kongo yote. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, kijana mpiga gitaa, Jean Bosco Mwenda, akanasa sauti yake. Bosco aliimba kwa Kiswahili. Fikirini, mtu wa Kiswahili asikie katika sanduku la Mzungu lugha anayosemea na mama yake!

Sinema nazo zilizunguka. Gari la misioni au la serikali lilifika, kitambaa cheupe kikatundikwa, na mji wote ukakaa chini. Katika Kasai Padri Albert Van Haelst alitengeneza michezo ya Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, ambao upumbavu wao uliwachekesha watu mpaka machozi. Padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza picha za kuchorwa za Mboloko, ambaye si mwingine ila yule yule kabuluku wa hadithi za bibi. Kumbe mashine mpya ilikuwa imekopa kutoka motoni petu!

Basi wazee hawasemi uongo. Furaha ilikuwapo. Lakini sasa tusikilize na vijana, maana palikuwa na ua uliozunguka furaha hiyo.

Tutazame siku ya kununua pamba. Siku hiyo ilikuwa kama sikukuu. Watu walijaa, mizani ilitundikwa, faranga zilitoka, duka liliuza nguo na chumvi, na jioni palichezwa. Lakini pamba hiyo ilitoka wapi? Tangu mwaka 1917 sheria ilimlazimisha mkulima kulima mazao aliyoagizwa. Sheria ya mwaka 1933 ilihesabu siku 60 kila mwaka za kazi hiyo ya lazima, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikafanywa 120. Mkulima hakuchagua zao, wala hakupatana bei na mnunuzi, kwa kuwa bei ilikuwa imekwisha kukatwa. Aliyeacha shamba lake alijua njia ya gereza na fimbo. Yule yule aliyecheza jioni kwa kuwa amepata faranga alikuwa amelia mchana kwa kuziona chache. Siku moja ilibeba yote mawili.

Tena, sinema zilichaguliwa kwanza. Palikuwa na tume ya serikali iliyoamua ni picha gani mtu mweusi ataonyeshwa na zipi asionyeshwe, kana kwamba wote ni watoto. Divai na pombe kali zilikatazwa kwa mweusi mpaka katikati ya miaka ya 1950, hali Mzungu alikunywa barazani kwake. Katika miji, usiku ulikuwa na saa yake: ikifika, mweusi asionekane katika mtaa wa Wazungu. Mwaka 1948 ilitolewa kadi ya kuwapa heshima weusi walioonekana wamestaarabika, lakini ilibidi kwanza wachunguzwe, na waliopewa walikuwa wachache. Ndipo karani aliyesoma akawa mgeni pande mbili: kwa Wazungu hakukaribishwa, na ngoma ya kijijini alianza kuionea haya.

Basi kwa neno moja, wazee wetu walikuwa na utulivu, lakini hawakuwa na uhuru. Usiku ulikuwa salama, ila ufunguo wake ulishikwa na mwingine.

Tarehe 30 Juni 1960 ufunguo ukapatikana. Watu walicheza, na wimbo wa Grand Kallé wa uhuru, uliotengenezwa Brussels mwaka ule, uliimbwa kila mahali. Lakini utulivu haukudumu. Tarehe 1 Januari 1962 mapadri na mabruda 20 wa Roho Mtakatifu waliuawa Kongolo, si mbali nasi. Mwaka 1964 vita ya Wasimba ilifika Maniema, na Kindu ikatwaliwa mwezi wa Julai. Wanakijiji wakakimbilia porini. Katika pori ngoma hailii, kwa kuwa ngoma humwonyesha adui mahali ulipo. Mama humziba mtoto kinywa asilie, basi nani ataimba? Na vita zilizoanza mwaka 1996 zilirudisha woga ule ule, na tena makundi ya wenye silaha yakazidi, hata njia za Kabambare na za Salamabila zikawa njia za hofu.

Hapo ndipo tunapofahamu wazee wanalilia nini. Hawalilii fimbo ya Mbelgiji. Hakuna mtu anayetamani fimbo. Wanalilia usiku ambao mtoto angeweza kwenda kusikiliza hadithi nyumba ya tatu, akarudi peke yake kwa mwanga wa mwezi. Wanalilia njia ambayo mama angeweza kupita na kikapu chake kichwani, kama wale wanawake wa Nyangwe kabla ya siku ile mbaya. Na vijana nao wana haki wanapokataa kuurudia utulivu wa kufungiwa uani. Wote wawili wanaitafuta nyumba moja, kila mmoja ameshika mlango mmoja.

Watu wa Maniema hata hivyo hawakusahau kuimba. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947, alikwenda Dar es Salaam mwaka 1978, akaimba kwa Kiswahili habari za maskini na za kifo, na Tanzania nzima ikamsikiliza. Mbegu ya barazani ilimea ng'ambo ya ziwa.

Sasa, wasomaji wapenzi, tufanye nini? Kazi moja iko mikononi mwetu, nayo haidai faranga nyingi. Wazee waliocheza ngoma zile kabla ya 1960 wamebaki wachache, na kila matanga huchukua nyimbo ambazo hakuna mwingine anayezijua. Kijana mwenye simu anasikiliza muziki wa dunia nzima, wala si kosa, maana babu yake naye aliipokea gramofoni. Lakini simu hiyo hiyo inaweza kunasa sauti ya bibi yake. Achukue daftari, aandike jina la ngoma, nani aliicheza, siku gani, na kwa sababu gani. Aandike na habari za pamba na za fimbo, asiandike za kupendeza tu. Kitabu chenye nusu ya habari ni kama ngoma iliyowambwa upande mmoja.

Kazi ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya wote: Mkristo na Mwislamu, mwenyeji na mgeni, sultani na raia. Ni kulinda usiku wa mji wetu. Anayempokea kijana mwenye bunduki na kumpongeza kwa kuwa ni wa kabila lake, huyo anauvunja uwanja wa ngoma kwa mikono yake mwenyewe. Anayepeleka sahani ya wali ng'ambo ya njia siku ya sikukuu, huyo anaujenga. Wazee wetu waliweza kufanya hivyo wakiwa wamefungwa. Sisi tulio huru tutasema nini tukishindwa?