MAZIWA YA BLUU: Jinsi Watoto wa New York Walivyouziwa Sumu Mchana Kweupe

Wadau, kabla ya kulalamikia maziwa yaliyotiwa maji, sikieni hii ya New York, Marekani, miaka ya 1850.

Viwanda vya wiski vilikuwa ndani ya mji na machicha yalibaki kibao. Kuyatupa ni gharama, basi wenye viwanda wakapata mchongo: mabanda ya ng'ombe pembeni, machicha yanamiminwa moto moto hadi kwenye hori. Ng'ombe amefungwa sehemu moja, halioni jua, majani hayajui. Meno yanang'oka, mkia unaoza, mwili vidonda. Na bado anakamuliwa! Kuna mchoro maarufu wa ng'ombe aliyeshindwa kusimama, kaninginizwa kwa mikanda, na jamaa yuko chini anakamua.

Maziwa yenyewe mepesi, yana rangi ya bluu. Dawa yake? Chaki, unga na molasi kidogo, rangi inarudi. Kisha mkokoteni unaandikwa ubavuni kwamba ni maziwa safi ya shamba. Hapo ndipo roho inauma, maana walionunua ni akina mama waliokuwa wakilisha vichanga. Gazeti moja la mji lilikadiria watoto 8,000 wanakufa kwa mwaka. Elfu nane!

Mei 1858 gazeti moja la picha likalipua bomu. Halikuishia kwenye mabanda. Lilifuatilia mikokoteni mtaa kwa mtaa na kuchapisha anwani za nyumba yanakopelekwa maziwa. Unafungua gazeti unakuta mlango wako. Mji ukawaka.

Serikali ya mji ikaunda kamati ya madiwani. Kamati ikatembelea mabanda, ila gazeti likadai wenyewe walishatonywa, wakasafisha na kuondoa ng'ombe wagonjwa. Mashahidi wa wafanyabiashara wakasikilizwa vizuri, madaktari waliopinga wakabanwa kwa maswali ya kejeli. Majibu ya kamati: maziwa hayana shida, ongezeni hewa tu bandani. Diwani mmoja aliyeongoza utetezi huo alichorwa kwenye katuni akipaka chokaa.

Sheria ya jimbo ilikuja 1862, ikakataza maziwa machafu. Ila nayo ilikuwa na tundu: nani kasema machicha yanachafua maziwa? Wajanja wakapita hapohapo. Ikabidi 1864 sheria iandikwe wazi kwamba maziwa ya ng'ombe anayelishwa machicha ya kiwanda cha pombe ni machafu, basi.

Mwaka 1866 mji ukapata bodi ya afya yenye meno, na baadaye wakaguzi wakawa wanazunguka na laktomita, kile kipimo kinachoelea ambacho wakusanya maziwa wa Kenya na Tanzania wanakitumia hadi leo. Maji yakiongezwa, kinazama zaidi. Wauzaji nao hawakulala. Krimu ni nyepesi kuliko maziwa, kwa hiyo ukiiengua maziwa yanakuwa mazito kwenye kipimo. Jamaa anaengua krimu, anaiuza pembeni, anarudishia maji kwa hesabu. Kipimo kinasoma sawasawa, mkaguzi anaondoka, na mtoto anapelekewa chupa.