Jina Lilirudi: Chemchemi za Bogoria na Watu Wake

Ziwa Bogoria, lililo kusini ya Baringo katika Bonde la Ufa, lina maji ya magadi yasiyonyweka. Kandokando yake, hasa pale Loburu, hububujika chemchemi ambazo maji yake hukaribia kuchemka. Vitabu vya watalii huzitaja kama kioja. Kwa Waendorois, wafugaji walio wa jamii ya Wakalenjin, mahali hapo palikuwa pa tiba kabla ya kuwa pa kutazamwa: mifugo ililamba ardhi yenye chumvi ikapata siha, mimea ya ukingoni ikatoa dawa za watu, na penye ziwa pakafanyika matambiko. Neno dawa la Kiswahili ni pana, laweza kuyabeba yote hayo. Lugha ya sheria ndiyo iliyokuwa finyu.

Wakoloni waliliita Hannington, kwa jina la Askofu James Hannington aliyepita huko mwaka 1885 akielekea Buganda, akauawa Busoga mwaka huohuo. Jina hilo lilidumu hata baada ya uhuru. Tarehe 9 Novemba, 1973, Serikali ilipotangaza hifadhi ya wanyamapori, bado iliitwa Hifadhi ya Ziwa Hannington. Mwaka 1974 tangazo jingine likaigeuza kuwa ya Bogoria. Mchunguzi wa majina ya mahali angeweza kulihesabu badiliko hilo kuwa ushindi, maana jina la mgeni liling'olewa. Lakini wenyeji nao walikuwa wameng'olewa! Jina lilirudi nyumbani katika majira yaleyale ambayo wenyewe walikuwa wakihamishwa.

Fidia ilikuwa haba. Katika familia 400 zilizotolewa ndani ya hifadhi, ni 170 tu zilizolipwa mwaka 1986, kila moja ikipata takriban shilingi 3,150. Hesabu ya namna hiyo huthamini nyumba na malisho. Haina safu ya kuandikia chemchemi wala mti wa dawa.

Safu hiyo ilipatikana mbali na Baringo. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa Februari 2010, ulikiri kwamba Waendorois walinyimwa haki za dini, mali, utamaduni, maliasili na maendeleo, ukaitaka Kenya iwarudishie ardhi ya mababu na kuwaruhusu kulifikia ziwa kwa ibada na malisho bila kizuizi. Mwaka 2011 ziwa likaingizwa katika Urithi wa Dunia, na Tume ileile ikalalamika kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo.

Tangu hapo ziwa limefura, na baadhi ya chemchemi za Loburu zimefunikwa. Mimea ya ukingoni imezama pia. Mkusanyaji wa msamiati anayekwenda huko sasa huonyeshwa maji matupu, huku mzee akitaja majina ya vitu vilivyo chini yake.