Padri Katika Safari za Nyota

Aghalabu hudhaniwa ya kuwa hadithi za sayansi ya kubuni ni adui wa dini: kwamba chombo kipaapo mbinguni, Mungu hukosa makao. Walakini hadithi tatu zilizochapishwa kati ya 1955 na 1959 zathibitisha kinyume. Kila moja imemfanya mtu wa dini kuwa nguzo yake. Na watunzi wawili kati ya watatu hawakuwa watu wa kanisa.

Wa kwanza ni Arthur C. Clarke, Mwingereza asiyeamini dini, aliyetoa The Star mwaka 1955. Padri Mjesuiti, mtaalamu wa nyota, anarudi kutoka kwenye masalio ya nyota iliyolipuka na kuteketeza taifa zima la viumbe waungwana. Hesabu zake mwenyewe zamwonyesha ya kuwa mwanga wa mlipuko ule ndio ulioangaza juu ya Bethlehemu. Swali lake ni lile la Nabii Ayubu, ila sasa limepimwa kwa vyombo, na jibu halifutiki.

Mwaka 1958 Mmarekani James Blish alitoa A Case of Conscience. Padri Ruiz-Sanchez, mtaalamu wa elimu ya viumbe kutoka Peru, anawakuta katika sayari ya Lithia viumbe kama mijusi, wasio na vita, uhalifu wala dini. Ikiwa wema wawezekana pasipo Mungu, dini yafaa nini? Padri anahukumu kuwa sayari ile ni mtego wa Shetani. Kumbe kwa kumpa Shetani uwezo wa kuumba, yeye mwenyewe ameanguka katika uzushi. Mwishoni Lithia inalipuka wakati ule ule padri anapoikemea kwa sala na mtaalamu mwingine anapofanya jaribio la hatari. Mtunzi hasemi lipi lililoiangamiza.

Wa tatu, Walter M. Miller, alikuwa na deni. Tarehe 15 Februari 1944 ndege za Marekani ziliibomoa monasteri ya Monte Cassino huko Italia, iliyoasisiwa na Mtakatifu Benedikto katika karne ya sita. Miller alikuwa miongoni mwa wanahewa walioishambulia. Mwaka 1947 akaingia Kanisa Katoliki. Na mwaka 1959 kikatoka kitabu chake, A Canticle for Leibowitz. Humo vita vya atomiki vimekwisha, na watu wenye hasira wamechoma vitabu na kuwaua wataalamu. Watawa wa jangwani wananakili, karne baada ya karne, maandiko ya sayansi wasiyoyafahamu. Mtawa mmoja anapamba kwa dhahabu nakala ya mchoro wa mitambo ya umeme, asijue ni wa nini. Hatimaye elimu ile inafufuka, taa inawaka ndani ya monasteri. Na baada ya karne nyingine, mabomu yanaanguka tena.

Hivyo aliyeshiriki kubomoa monasteri kwa bomu alijenga nyingine kwa kalamu, lakini hakujidanganya kwamba jengo lile litaokoa ulimwengu. Watawa wake walihifadhi elimu kwa uaminifu. Hawakuweza kuhifadhi dhamiri ya watakaoitumia. Nasi tunaoshinda katika maktaba tukinakili ya wahenga, swali hilo latuhusu: twamwekea nani hazina hii, naye ataifanyia nini?