Jina Moja, Ukoo Mwingine

Katika miaka ya 1820, daktari wa jeshi John Vaughan Thompson alimpata kiumbe wa ajabu baharini karibu na Cork, Ireland. Alikuwa mdogo, amesimama juu ya bua kama ua. Mwaka 1827 Thompson alimtangaza kuwa spishi mpya: Pentacrinus europaeus. Mwaka 1836 alieleza kwamba spishi hiyo haikuwepo. Yule alikuwa mtoto. Akikua, hujikata kutoka kwenye bua, akawa nyota-manyoya, jamaa wa kiti cha pweza mwenye mikono kama manyoya, ambaye wataalamu walikwisha mpa jina lake. Mzazi na mwana walikuwa wameandikwa kama watu baki.

Katika bahari za joto, ambako aina ni nyingi zaidi, mtego ulikuwa mwingine: mikono. Wapo wenye 10, wapo wenye zaidi ya 100, na kuihesabu kulionekana njia nyepesi ya kuwatenganisha. Lakini wengi wao huangusha mkono, na pale ulipokatika huota miwili au zaidi. Hivyo kijana na mzee wa spishi moja wanaweza kuonekana kama wageni.

Mmarekani Austin Hobart Clark alijitwika kazi ya kuwapanga wote. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake kuhusu jamii hii ilitoka mwaka 1915. Alifariki mwaka 1954 kazi haijakwisha. Sehemu ya mwisho, ya mwaka 1967, ilikamilishwa na Ailsa Clark wa jumba la makumbusho ya viumbe la London. Jina la ukoo lilikuwa moja, lakini hawakuwa ndugu. Kufanana, hata kwao, hakukuthibitisha undugu.

Swali hilo hilo lilirudi mwaka 2014, Summers, Messing na Rouse walipochunguza DNA ya Comatulidae, familia kubwa ya nyota-manyoya wa bahari za joto. Baadhi ya makundi ya zamani yalivunjika: waliowekwa pamoja kwa sura hawakuwa wa nasaba moja. Alama moja ya zamani ilisimama, nayo ni ndogo sana: vimeno vilivyopangika kama sega kwenye vinyoya vya karibu na mdomo.

Ni rahisi kusema DNA imewaumbua wazee. Mimi nasoma tofauti. DNA hutuambia nani ni ndugu wa nani, lakini haituambii jina alilopewa nani kwanza. Kwa hilo lazima mtu arudi kabatini, afungue chupa, asome kibandiko, ahesabu vinyoya. Clark alikosea kuhusu baadhi ya koo, lakini aliacha maelezo ya kina kiasi kwamba waliokuja baadaye waliweza kuona wapi alikosea. Kwa mpangaji wa viumbe, huo si urithi mdogo.