Salamu ya Ujiji

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliingia Ujiji kwa milio ya bunduki, bendera ya Marekani ikiwa mbele. Akili ya kuongoza msafara kutoka Bagamoyo alikuwa nayo; ya kumwamkia mzee aliyemtafuta hakuwa nayo. Alikuwa amelelewa katika nyumba ya maskini huko Wales, na utoto wa namna ile haukufunza ukunjufu.

Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyemkimbilia mgeni akamwamkia. Stanley alipofika mbele ya Livingstone, alitamani kumkumbatia. Baadaye alikiri kitabuni kwamba woga na kiburi vilimzuia. Akavua kofia, akauliza kama huyo ndiye Daktari Livingstone. Walimwengu walilicheka swali hilo kwa miaka mingi. Kurasa za shajara yake za siku ile zimechanwa, na wapo wanaoshuku kwamba hakulitamka kamwe. Ikiwa alilitunga baadaye, basi hata peke yake na kalamu hakupata salamu iliyo bora.

Livingstone hakumhubiria adabu. Alimpisha mahali pake mwenyewe barazani, penye mkeka na ngozi ya mbuzi. Barua alizozingoja kwa miaka akaziweka mapajani, akataka kwanza habari za mgeni. Wakakaa pamoja miezi minne, wakasafiri ziwani hadi Mto Rusizi.

Machi 1872 wakaagana. Stanley aliandika kwamba ilimbidi ageuke upesi, machozi yasije yakamshinda. Yule aliyekosa salamu alikuwa amejua uzito wa kwaheri.