Kisu Kisichokata: Safari ya Miaka Hamsini

Tunapowatembelea wagonjwa, si mara moja tunakutana na ndugu aliyeambiwa kwamba ana uvimbe, naye anauogopa upasuaji kuliko anavyouogopa ugonjwa wenyewe. Baadhi hujifungia nyumbani mpaka wakati wa kusaidiwa unapita. Kwa ajili yao tumeona vema kusimulia habari za madaktari wawili, nao wapasuaji, waliotafuta namna ya kumponya mgonjwa bila kumpasua.

Tuanzie Ujerumani. Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi ya eksirei. Haukupita muda mrefu kabla ya madaktari kuanza kuielekeza kwenye uvimbe. Hata hivyo palikuwa na shida kubwa: mionzi yenye nguvu ya kuua uvimbe ulio ndani huijeruhi pia ngozi na nyama nzima inayopita njiani. Mponyaji angeweza kuwa mwenye kudhuru.

Aliyeikabili shida hiyo katika ubongo alikuwa Lars Leksell, daktari bingwa wa Uswidi. Siku zile kulifungua fuvu la kichwa kulikuwa na hatari kubwa. Mwaka 1951 Leksell alitoa wazo ambalo wahenga wetu wangelielewa mara moja, kwani walisema haba na haba hujaza kibaba. Badala ya mwali mmoja wenye nguvu, alipendekeza miali mingi iliyo dhaifu, itokayo pande mbalimbali na kukutana mahali pamoja. Kila mwali ukiwa peke yake hudhuru kidogo tu. Pale inapokutana yote, ndipo uvimbe hupata dozi kamili. Kazi hiyo aliiita upasuaji wa mionzi.

Kutoka wazo hadi chombo kulipita miaka mingi ya majaribio, ambayo aliifanya pamoja na mwanafizikia Börje Larsson. Mwaka 1968 mashine yao ya kwanza ilikuwa tayari mjini Stockholm, ikiwa na vyanzo 179 vya kobalti. Iliitwa Gamma Knife. Lakini ilimlazimu mgonjwa afungwe kichwani fremu ya metali, iliyoshikizwa kwa skrubu kwenye fuvu, ili asitikisike hata kidogo. Kwa sababu hiyo ilitibu kichwa tu, na haikuwa rahisi kuirudia tiba kwa siku kadhaa mfululizo.

Mwaka 1985 alifika Stockholm kijana mmoja Mmarekani, Dk. John Adler, ili ajifunze kwa Leksell. Akajiuliza: je, yawezekana kuiondoa fremu, na kuutibu hata uvimbe ulio mbali na kichwa? Leksell alifariki dunia mwaka 1986, asione jibu la swali hilo. Adler alirudi Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford, akaendelea na kazi kwa shida nyingi, kwani fedha zilikuwa haba na wenye shaka walikuwa wengi. Mwaka 1994 mgonjwa wa kwanza akatibiwa hapo kwa mashine iliyoitwa CyberKnife.

Mashine hiyo haina kisu. Ni mkono wa roboti, kama ile inayotumika viwandani, uliobeba kifaa cha kutoa eksirei zenye nguvu. Mgonjwa hulala kitandani akiwa macho. Kamera za eksirei humpiga picha mara kwa mara, na kompyuta huzilinganisha na picha alizopigwa kabla ya tiba. Akisogea kidogo, mkono nao hurekebisha shabaha. Uvimbe wa pafu, unaopanda na kushuka pamoja na pumzi, roboti hujifunza kuufuata. Kwa kawaida tiba huisha katika vikao kati ya kimoja na vitano. Mwaka 1999 mamlaka za Marekani ziliidhinisha itumike kwa maradhi ya kichwa na shingo, na mwaka 2001 kwa uvimbe popote mwilini. Tangu wazo la Leksell ilikuwa imetimia miaka hamsini. Leo mashine ya aina hii imefika hata Nairobi, katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Hata hivyo, wapendwa, tusidanganyane. Kutibiwa bila kupasuliwa si kutibiwa bila hatari. Mionzi inaweza kumchosha mgonjwa na kudhuru viungo vilivyo jirani. Uvimbe mkubwa mno, au saratani iliyokwisha kuenea sehemu nyingi, mara nyingi huhitaji tiba nyingine, na wako wengi ambao kisu cha kawaida bado ndicho msaada wao bora. Kuamua ni kazi ya madaktari, na roboti haiwezi kuifanya kwa niaba yao.

Leksell alipanda, na mwanafunzi wake akavuna yeye akiwa amekwisha lala. Lakini mavuno hayo hayamfikii mtu aliyejificha na uvimbe wake. Yeyote kati yetu anayemfahamu ndugu wa namna hiyo, asimwache peke yake na hofu yake. Ampeleke hospitali mapema, aketi naye, na amsaidie kuuliza maswali.