Nyumba ya Tacy Hubbard na Kilima cha Nyanchwa

Ijumaa alasiri, katika jiko la Msabato wa Nyamira, nchi ya Wagusii huko Kenya, kazi huwa ya mbio. Chinsaga, mboga ya mgagani, imechambuliwa tangu asubuhi na sasa inatokota polepole chunguni, imetiwa maziwa, iachwe ilale, maana ikilala uchungu hupungua. Kuni zimepangwa, mitungi imejaa maji, mashati ya watoto yamepigwa pasi. Jua likizama familia hukusanyika kufungua Sabato kwa wimbo, sala na somo fupi. Aliyekuwa mbioni tangu alfajiri ndiye anayeketi wa mwisho.

Ukimwuliza Mgusii Msabato desturi hii imetoka wapi, atakujibu imetoka kituo cha misheni cha Nyanchwa, na Nyanchwa imetoka Gendia. Jibu ni sahihi, ila linaishia njiani. Nyuma ya Gendia kuna nyumba moja ya walowezi Wapuritani wa karne ya 17, ya Samuel na Tacy Hubbard, na nadai hapa kwamba bila kuielewa nyumba hiyo hatutaelewa kwa nini Sabato ilishika Gusii kiasi hiki. Historia za kanisa huhesabu wachungaji na vituo vya misheni. Mimi naona Sabato ilisafiri hasa kwa nyumba, na ndani ya nyumba ilisafiri na wanawake.

Samuel Hubbard alizaliwa mwaka 1610 katika jimbo la Suffolk, Uingereza. Mwaka 1633 alivuka bahari kwenda Massachusetts, na mwaka uliofuata akafika Tacy Cooper. Walioana mwaka 1636 katika bonde la mto Connecticut. Hadi hapo maisha yao hayana tofauti na ya maelfu ya Wapuritani waliohama miaka hiyo: kufyeka msitu, kujenga, kuhama tena, kuzaa na kuzika. Kwa Mpuritani nyumba ilikuwa kanisa dogo, baba akiwa kama mchungaji wake, na mwaka 1642 Massachusetts ilitunga sheria ya kuwalazimu wazazi wahakikishe watoto wao wanajua kusoma. Sabato yao ya Jumapili ilianza jioni ya Jumamosi, jua lilipozama, na chakula kilipikwa kabla. Msomaji wa Nyamira ataitambua jioni hiyo bila kuelezwa zaidi.

Lakini kanisa dogo la akina Hubbard halikumngoja baba. Mwishoni mwa miaka ya 1640, wakiishi Fairfield, waliacha kuamini ubatizo wa watoto wachanga. Samuel mwenyewe aliandika kwamba nuru hiyo ilimjia zaidi mkewe, na kwamba Tacy ndiye aliyebanwa kwa maswali na kujibu mbele ya watu mara mbili. Walitishiwa kifungo, na mwaka 1648 wakahamia Newport, Rhode Island, koloni lililowavumilia Wabatisti. Huko, mnamo 1664 au 1665, wakafika Stephen na Anne Mumford kutoka Uingereza, Wabatisti walioamini kwamba siku ya saba haijafutwa. Daftari la Samuel linaonyesha mpangilio bila kuficha: mke wake alianza kuishika Jumamosi mwezi Machi 1665, naye akafuata Aprili. Baada yao wakaja binti zao Ruth, Rachel na Bethiah, na mkwe mmoja. Desemba 1671, watu saba walipounda kanisa la kwanza la Wabatisti wa Siku ya Saba katika Amerika, watatu walikuwa wa nyumba hiyo moja: Samuel, Tacy, na Rachel aliyekwisha kuolewa. Ruth na mumewe walikuwa wamehamia Westerly, na imani ikapata makao ya pili kule binti alikoolewa.

Karibu karne mbili baadaye jambo lilelile likarudi. Mwaka 1844, katika mji mdogo wa Washington, New Hampshire, mjane Mbatisti wa Siku ya Saba, Rachel Oakes, alimsikia mhubiri Frederick Wheeler akihimiza kushika amri zote za Mungu. Akamkabili na kumwuliza kuhusu amri ya nne. Wheeler akabadilika, na kutoka kundi lile Sabato ikawafikia watu waliokuwa wamemngojea Kristo hadi tarehe 22 Oktoba mwaka huohuo bila kumwona. Hao ndio walioanzisha rasmi Kanisa la Waadventista Wasabato mwaka 1863. Tacy aliwatangulia mume na binti zake. Rachel alimtangulia mhubiri wake.

Njia ya kuja Afrika Mashariki nayo ilipitia kwa Wabatisti haohao wa Siku ya Saba, jambo ambalo husahauliwa. Mmisionari Mwingereza Joseph Booth aliwashawishi wafungue misheni ya Plainfield huko Nyasaland, na mwaka 1902 ikanunuliwa na Waadventista. Nyasaland ndiko alikotoka Peter Nyambo, aliyefika Gendia, kando ya Ziwa Viktoria, Novemba 1906 pamoja na Mkanada Arthur Carscallen. Mwaka 1907 Carscallen alimwoa Helen Thompson, na Gendia ikawa na nyumba ya mume na mke. Kituo cha Nyanchwa, kwenye kilima kinachoutazama mji wa Kisii, kilifunguliwa kati ya 1912 na 1913.

Wakati mbaya kama huo wa kufungua misheni ni nadra. Wagusii walikuwa wamepigwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1905, na tena mwaka 1908 baada ya shujaa wao Otenyo, akichochewa na nabii Moraa, kumchoma mkuki ofisa wa Kiingereza Geoffry Northcote. Mji wenyewe waliuita Bosongo, kwa abasongo, yaani wazungu. Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipopigania Kisii, utawala ukaondoka kwa muda na watu wakapora maduka, ofisi, Nyanchwa, na hata misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu iliyoanza mwaka 1911. Hakuna dalili hapa ya watu waliokuwa na kiu ya mahubiri. Ikiwa miaka michache baadaye Sabato ilianza kuota mizizi, sababu itafutwe mahali pengine, si kwenye mimbari.

Naitafuta kwenye neno moja. Kwa Kigusii, enyomba ni nyumba, na pia ni ukoo uliotoka kwa mke mmoja. Egesaku, jina la ukoo mpana, ni mlango. Riiga, tawi dogo la ukoo, ni jiwe la mekoni. Mgusii anaposema yeye ni wa nani, anataja sehemu za nyumba. Na nyumba hiyo ina mwenyewe: katika boma la wake wengi, kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake, ghala lake na watoto wake, na mali ya nyumba moja haikuhamishiwa nyingine hivihivi. Dini ambayo kitengo chake ni nyumba ilikuta mahali ambapo nyumba tayari ni mamlaka, tena mamlaka ya mama.

Sheria ya kanisa ikaongeza nguvu bila kukusudia. Mume wa wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mmoja. Hilo liliwaacha nje wazee wengi, lakini halikuzuia enyomba moja bomani kuanza kupika Ijumaa, kuwapeleka watoto shuleni na kusoma lesoni wakati nyumba jirani, ya mke mwenzake, ikienda shambani Jumamosi. Halafu binti wa nyumba hiyo akaolewa. Wagusii hawaoi ndani ya ukoo. Zamani walisema kwamba tunaooa kwao ndio tunaopigana nao. Kwa hiyo kila bibi arusi Msabato aliingia ukoo wa watu wengine, pengine wa mahasimu, na kufungua Sabato huko, kama Ruth kule Westerly. Mtandao huo haukuhitaji bajeti ya misheni.

Wapo watakaonipinga kwa Nyabururu. Mapadri hawakuwa na wake, na bado Ukatoliki ulistawi Gusii. Nakubali. Sisemi kwamba nyumba ya mmisionari ndiyo iliyowavuta watu. Nasema kwamba Usabato, tofauti na Ukatoliki, ulidai ratiba ya jiko ibadilike kila wiki, na aliyekuwa na uwezo wa kuibadilisha ni mwenye jiko.

Pingamizi zito zaidi ni la ardhi. Hubbard alikuwa mlowezi kamili. Mwaka 1637, akiwa tayari Connecticut, walowezi walikichoma kijiji cha Wapequot huko Mystic, wanawake na watoto wakiwa ndani, na mashamba ya wafuasi wa Sabato yalisimama juu ya nchi ya watu waliofukuzwa. Gusii iliteketezewa nyumba na kunyang'anywa ng'ombe, lakini haikukatwa mashamba ya wazungu. Hayo yaliishia Sotik, nchi jirani. Tofauti hii ni kubwa kuliko mfanano wote nilioutaja. Mgusii aliipokea Sabato akiwa angali juu ya ardhi yake na ndani ya enyomba yake, ndiyo maana aliweza kuigeuza iwe yake: makambi ya kila mwaka yamekuwa mkutano wa koo, na Dorkasi ni chama cha akina mama chenye sauti ambayo mzee wa kanisa haipuuzi ovyo.

Lakini tusiipambe. Pumziko la Sabato lina gharama, na anayeilipa anajulikana. Amri inasema hata mjakazi apumzike, ila saa za kazi hazifutiki; zinasogezwa Ijumaa, juu ya mgongo wa mtu yuleyule. Newport ilikuwa hivyo na Nyamira iko hivyo. Mwanamke aliyeifikisha Sabato nyumbani ndiye aliyebeba mzigo wake, halafu kumbukumbu zikaandika jina la mhubiri.

Samuel Hubbard alikuwa na uaminifu wa kuandika kwamba mkewe alimtangulia kwa wiki chache. Nyanchwa haina daftari la namna hiyo. Wanawake waliobatizwa wakiwa wasichana katika miaka ya 1940 sasa wana takriban miaka 90 au zaidi. Kama bibi yako ni mmoja wao, usingoje makambi yajayo: nenda Ijumaa hii kabla jua halijazama, umsaidie kuchambua chinsaga, na umwulize ni nani aliyemfundisha kufungua Sabato. Uandike jina hilo.